Neva Hazioni Kila Hatari: Ushauri kwa Mafundi Chuma wa Katwe

Katwe, katika divisheni ya Makindye jijini Kampala, inajulikana Uganda nzima kwa kutengeneza. Geti la nyumba, dirisha la nondo, jiko la mkaa, sufuria ya alumini iliyomiminwa kwenye kalibu, mashine ya bisi, kipuri ambacho duka limesema hakipatikani tena: mtu akishaambiwa haiwezekani, huelekezwa Katwe. Kazi nyingi hufanyika kando ya njia, chini ya paa la mabati au chini ya jua lenyewe, na chombo cha kwanza kuingia kazini kila asubuhi ni mwili wa fundi. Grenda ikiharibika hufunguliwa na kufungwa makaa mapya. Jicho, sikio na neva za vidole havina duka la vipuri. Kwa sababu hiyo nataka tuzungumze kuhusu namna mwili unavyotambua hatari na kuijibu, kwa kuwa mafundi wengi wanautegemea mfumo huo kwa mambo ambayo hauwezi kabisa kuyafanya.

Hoja yangu ni hii. Maumivu ni mlinzi hodari, lakini amewekwa kwenye milango michache tu. Kuna hatari asizoziona, kuna nyingine anazipigia kelele wakati mwizi ameshaondoka, na kuna nyingine ambazo akizisikia kila siku huacha kuzitangaza. Kwa hiyo fundi anayejipimia usalama kwa kusema “sijaumia” au “nimeshazoea” anatumia kipimo kibovu. Usalama wa karakana inafaa upimwe kwa saa, kwa umbali na kwa kanuni, wala si kwa hisia za mwili.

Tuanze na jambo ambalo mwili unalifanya vizuri, ili tusiudhulumu. Fundi amekata kipande cha bomba, amekiweka chini, na kijana anayejifunza kazi anainama kukiokota. Ndani ya ngozi ya vidole vyake kuna ncha za neva zilizo wazi, na kwenye ncha hizo kuna vilango vidogo vya protini vinavyofunguka joto likifika nyuzi 43 hivi. David Julius wa Marekani alivigundua kwa kutumia kiini cha pilipili kinachowasha, na mwaka 2021 akapewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua vilango vya mguso na mgandamizo. Ndiyo maana pilipili tunaiita kali kama moto: inafungua mlango uleule. Kilango kikifunguka, chaji ya umeme mdogo hupanda mkono mbio hadi uti wa mgongo, na hapo, bila kungoja ruhusa ya ubongo, amri hurudi kwenye misuli na mkono unaruka. Ubongo hupata habari baadaye. Zile neva za haraka hubeba ujumbe kwa kasi ya mita 5 hadi 30 kwa sekunde, na zile nyembamba za maumivu ya kuchoma na kufukuta huenda mita moja hivi kwa sekunde. Kwa hiyo kijana husikia mchomo mkali kwanza, na sekunde moja baadaye ndipo linakuja wimbi la maumivu yenyewe, wakati bomba limeshaanguka.

Huu ni ufundi mkubwa wa mwili, na umeokoa vidole vingi. Lakini uangalie kwa makini, maana una pengo. Mwitiko huo unafaa kwa makaa ya jikoni na jua la mchana. Ngozi inayoguswa na kitu cha nyuzi 44 huweza kustahimili kwa saa kadhaa kabla ya kuungua, lakini kwenye nyuzi 70 inatosha sekunde moja tu. Chuma huanza kung'aa wekundu hafifu kikikaribia nyuzi 525. Maana yake ni kwamba kipande kilichorudi kuwa cheusi, kinachoonekana kimepoa, bado kinaweza kuwa na nyuzi 300 au 400, na jicho halina namna ya kujua. Mkono utaruka, ndiyo, ila utaacha ngozi kwenye bomba. Ushauri hapa ni mwepesi na hauna gharama: andika neno MOTO kwa chaki kwenye kila kipande kinachotoka kukatwa au kuchomelewa, kiwe na mahali pake pa kupoea, na kabla ya kushika chochote karibisha mgongo wa kiganja bila kugusa, kwa kuwa ngozi ya hapo husikia mvuke wa joto mapema. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, yai na mafuta ya kupikia havipozi kitu, na humfanya muuguzi aanze kwa kukwangua. Jeraha kubwa, au la usoni au mikononi, lipelekwe hospitali ya Kiruddu, ambayo iko hukohuko Makindye na ina wataalamu wa majeraha ya moto.

Sasa tuje kwenye mlango usio na mlinzi. Fundi wa kuchomelea anapogusisha kijiti kwenye chuma, hutoka mwanga wa aina mbili kwa pamoja. Mmoja jicho linauona, mweupe usiotazamika, na mwili huujibu kwa kukonyeza kope na kugeuza uso ndani ya sehemu ya sekunde. Mwingine ni mionzi ya urujuanimno, na huo jicho la binadamu haliuoni kabisa, wala ngozi haina kipokezi cha kuuonja. Mionzi hiyo hutua kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho, na kuziua seli za tabaka la juu. Seli hizo hazifi papo hapo. Huchukua saa 6 hadi 12 hivi kufa na kubanduka, na zikibanduka huziacha wazi ncha za neva, ambazo kwenye konea zimesongamana kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwili. Ndiyo sababu mtu aliyechomelea saa tisa alasiri akaenda nyumbani akala akalala, huamka saa nane za usiku akidhani amemwagiwa mchanga machoni. Kengele imelia saa kumi na moja baada ya mwizi kuingia. Mtu huyo mara nyingi hulaumu vumbi la njiani, kwa sababu kati ya kosa na adhabu limepita giza zima.

Hapa ndipo miwani ya jua ya kawaida inapogeuka kuwa adui, na nalitaja hili kwa uzito kwa sababu ni jambo la kuonekana kila siku katika karakana zetu. Miwani ile hupunguza mwanga unaoonekana. Mboni ikipata giza hupanuka, na kope haipati tena sababu ya kufumba. Kama kioo chenyewe hakizuii urujuanimno sawasawa, basi fundi ameifunga ile kinga pekee aliyopewa na mwili, kisha akaufungua mlango zaidi. Hata kama kinazuia kiasi, mionzi huingia pembeni na hurudi kutoka kwenye mabati yanayong'aa. Kufumba macho na kupiga kwa kukisia nako hakusaidii ipasavyo, kwani kope ya binadamu inachelewa kuliko cheche ya kwanza, na mara hamsini za kukisia kwa siku hujumlishwa na konea moja. Kinachotakiwa ni kioo cha kuchomelea chenye namba, na kwa kazi ya kawaida ya vijiti namba 10 au 11 inafaa, kikiwa ndani ya barakoa inayofunika uso hadi shingoni. Fundi wa Katwe hahitaji kuambiwa namna ya kutengeneza barakoa. Anayetengeneza mashine ya kusaga anaweza kukunja bati, kulipaka rangi nyeusi isiyong'aa na kulitia mpini. Cha kununua ni kile kioo tu, na kile hakina mbadala.

Msaidizi anayeshikilia kipande asisahauliwe, wala mama anayeuza chai hatua chache kutoka hapo, wala mtoto anayesimama kutazama kwa sababu cheche zinapendeza. Nguvu ya mionzi hupungua haraka kwa umbali: ukisogea mara mbili mbali zaidi, unapata robo yake. Mtoto aliye mita moja kutoka kwenye cheche akisogezwa hadi mita nne, kinachomfikia ni sehemu moja ya kumi na sita. Mbao mbili kuukuu au mabati yaliyopakwa rangi isiyong'aa, yakisimamishwa kama kizuizi upande wa njia, yatawakinga watu wasiojua hata kwamba wanahitaji kinga. Na yule ambaye macho yake yameshawaka usiku, akae gizani, aweke kitambaa baridi juu ya kope, asiyafikiche, na asubuhi aonwe na mtu wa macho. Maziwa, kiazi kibichi na majani ya chai hayana kazi kwenye jicho lililochubuka, isipokuwa kuingiza vijidudu. Matone ya ganzi yanayouzwa kimya kimya ni mabaya zaidi: yanamnyamazisha mlinzi na kuchelewesha kidonda kufunga, na mtu akiyatumia siku baada ya siku anaweza kuipoteza konea.

Sikio lina hadithi tofauti, na kwa maoni yangu ndilo linalodhulumiwa kuliko viungo vyote Katwe. Lenyewe lina mlinzi, ila ni mlinzi wa zamani. Nyuma ya kiwambo cha sikio upo msuli mdogo kuliko misuli yote ya mwili inayoshikilia mifupa, nao ukisikia sauti kubwa hukaza kifupa cha ndani ili kupunguza mtikisiko. Msuli huo huhitaji sehemu ya kumi ya sekunde hivi kukaza vizuri. Nyundo inapotua juu ya bati, mlio wa kwanza, ambao ndio mkali, umeshapita. Na grenda inaponguruma kutwa, msuli huchoka na kulegea. Baada ya hapo mzigo wote huangukia seli zenye vinywele zilizomo ndani ya koklea, kifuko kilichojiviringa kama konokono. Kila sikio huzaliwa nazo elfu kumi na tano au kumi na sita hivi, na kwa binadamu zikifa hazioti tena. Wahenga waliposema sikio la kufa halisikii dawa walikuwa wanazungumzia ukaidi wa watu, lakini kwa seli hizi maneno yale ni kweli tupu: hakuna kidonge, hakuna mafuta ya kudondosha, hakuna mganga wa kuzirudisha.

Vipimo vinavyotumiwa na wataalamu wa afya kazini ni vya kueleweka. Sauti ya desibeli 85 mtu anaweza kukaa nayo kwa saa 8 kwa siku. Kila inapoongezeka desibeli 3, muda hupungua nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2, 94 ni saa moja, na 100 ni dakika 15 tu. Grenda inayokata chuma hukaribia 100 masikioni mwa anayeishika, na mara nyingine huzidi. Basi fundi ambaye hana kinga hutumia haki yake yote ya siku nzima kabla ya chai ya saa nne. Kama huna kipimo, tumia hiki: ukilazimika kupaza sauti ili akusikie mtu aliye umbali wa mkono mmoja, umeshapita 85. Ukirudi nyumbani na masikio yanalia au dunia inaonekana imefunikwa blanketi, seli zako zimepigwa kweli, hata kama asubuhi zimeonekana kupona. Kupona huko kwa asubuhi ndiko kunakodanganya watu. Kinachotangulia kupotea ni sauti nyembamba, herufi kama s, f na sh, kwa hiyo fundi husikia kwamba mtu anaongea lakini haelewi anachosema, na nyumbani huanza kuwaambia watoto kwamba wanamumunya maneno.

Kinga yake ni vizibo vya sponji. Viringisha kizibo mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza, kisha kishikilie mpaka kitakapotanuka. Kikining'inia mlangoni mwa sikio hakifanyi kazi. Pamba kavu haizuii cha maana. Wapo wanaosema, na wana hoja, kwamba fundi huisikiliza mashine: mlio ukibadilika anajua diski inataka kupasuka au mota inazidiwa, basi akiziba masikio atakuwa kipofu wa kazi. Lakini kizibo hakichagui sauti moja na kuiacha nyingine. Hushusha zote, na mlio ukibadilika bado husikika. Kwa mtu ambaye sikio lake bado zima, maneno ndani ya kelele kubwa husikika vizuri zaidi akiwa na vizibo, kwa sababu sikio halijalemewa. Ambaye tayari amepoteza sehemu ya usikivu atapata taabu, ni kweli, na kwake ni bora mashine ihamishwe au apangiwe zamu fupi. Ila taabu yake yenyewe ni ushahidi wa yale yanayowangoja wenzake.

Hebu sasa tuliangalie neno “kuzoea”, kwa kuwa ndilo jibu linalotolewa mara nyingi. Neva kwa asili yake hutangaza mabadiliko. Mwingereza Edgar Adrian, aliyepata Nobel mwaka 1932 pamoja na Charles Sherrington, alionyesha kwamba neva ya hisia hupiga chaji nyingi kichocheo kinapoanza, na kichocheo kikiendelea vilevile, chaji hupungua. Ndiyo sababu husikii shati mgongoni saa moja baada ya kulivaa, na mtu anayeishi karibu na karakana halalamiki tena harufu ya rangi. Kwa shati, huo ni uungwana wa mwili. Kwa sumu na kelele, ni ukimya wa hatari, maana kilichopungua ni taarifa, na kichocheo kiko palepale kikifanya kazi yake. Ngozi ya kiganja hukomaa kweli, hujenga sugu, na hiyo ni kinga halali. Lakini hakuna sugu ya konea, wala ya koklea. Tunalitumia neno moja kwa mambo mawili yasiyofanana, na mazoea yana taabu hapo hasa.

Uganda ina ushahidi wake wa kale kuhusu mwili usiotoa taarifa. Buluba, mashariki mwa nchi karibu na Ziwa Viktoria, kuna hospitali iliyojengwa kwa ajili ya wagonjwa wa ukoma, ambako daktari Wanda Błeńska kutoka Poland alifanya kazi kwa zaidi ya miaka 40 kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1950. Watu wengi waliamini kwamba ukoma hula vidole. Daktari Paul Brand, aliyekuwa Vellore nchini India, alionyesha kwamba sehemu kubwa ya uharibifu hutokana na kufa ganzi: bakteria huua neva, kisha mgonjwa hushika sufuria ya moto bila kujua, hutembea juu ya msumari, hukosa kupumzisha kidonda, na vidole huisha kwa majeraha. Mwaka 2006 watafiti walichapisha habari za familia za kaskazini mwa Pakistan zenye watoto waliozaliwa bila uwezo wa kusikia maumivu kwa sababu ya hitilafu katika jeni moja. Mmoja wao alikuwa akijichoma visu mikononi mbele ya watu barabarani apate pesa. Alifariki kabla ya kutimiza miaka 14, baada ya kuruka kutoka juu ya paa. Anayejisifu kwamba hasikii tena maumivu ya kazi afikirie kwanza kama ni ushujaa au ni neva zimekufa.

Swali hilo linagusa mikono ya washika grenda moja kwa moja. Mtikisiko wa mashine hupokelewa na vipokezi vya ndani ya ngozi vilivyoelezwa na Filippo Pacini wa Italia, navyo husikia vizuri mno mitikisiko ya mara 200 hadi 300 kwa sekunde. Vikitikiswa kwa saa nyingi kila siku, kwa miaka, neva ndogo na mishipa ya damu ya vidole huharibika. Mwaka 1918 daktari Alice Hamilton aliwachunguza wachonga mawe wa Bedford, Indiana, waliotumia nyundo za hewa, akaeleza vidole vilivyogeuka vyeupe na kufa ganzi. Kwao baridi ilifanya weupe uonekane wazi. Katika joto la Kampala weupe unaweza usijitokeze, na kwa hiyo onyo hubaki moja tu: ganzi na kuwashwawashwa vidoleni baada ya kazi. Ikiisha baada ya dakika chache, punguza muda. Ikidumu zaidi ya dakika 20, au ikikuamsha usiku, au ukianza kushindwa kufunga vifungo vya shati na kuokota msumari, onana na daktari na uweke mashine chini. Diski iliyolika upande mmoja au isiyokaa sawa huzidisha mtikisiko mara nyingi. Ibadilishe. Usiikabe mashine, ishike kwa nguvu inayotosha kuimudu, acha diski ikate. Gawaneni kazi ya grenda kwa zamu za dakika 15 hivi badala ya kumkabidhi kijana mmoja kutwa nzima kwa sababu ndiye mdogo.

Moshi wa mabati nao una ujanja wake. Bati na bomba jeupe vimepakwa zinki, na zinki ikichomwa hutoa moshi mweupe. Saa 4 hadi 10 baadaye huja homa, baridi, maumivu ya viungo na kikohozi, ambavyo huondoka ndani ya siku moja au mbili. Katika mji wenye malaria, kila mtu husema ni malaria. Mtu humeza dawa, anapona kwa sababu homa ilikuwa inaondoka yenyewe, na anaamini dawa imefanya kazi. Zaidi ya hapo, mwili huustahimili moshi huo katikati ya wiki na kuupoteza ustahimilivu ukipumzika, kwa hiyo homa hupiga zaidi Jumatatu. Kwa hiyo pima damu kabla ya kumeza dawa ya malaria, na mwambie mganga wa zahanati kwamba jana ulichomelea mabati. Homa isiyoisha usiichezee. Wakati wa kazi, kwangua zinki kwenye sehemu ya kuunganishia huku umefunika pua na mdomo, simama upepo ukupige ubavuni, na usiinamishe uso juu ya moshi. Maziwa ambayo mafundi wengi huyanywa ni chakula kizuri, lakini huenda tumboni, na moshi uko mapafuni.

Umeme nitautaja kwa ufupi, ingawa ndio unaoua haraka. Luigi Galvani wa Bologna alichapisha mwaka 1791 majaribio ya miguu ya chura iliyoruka ilipoguswa na umeme, na tangu hapo tumejua kwamba neva na umeme vinasema lugha moja. Mkondo wa miliampia 10 hivi ukipita mkononi huamuru misuli ya kiganja ifunge, na amri ya ubongo ya kuachia haisikilizwi tena. Kwa hiyo usimlaumu aliyeng'ang'ania waya. Hana mkono wake. Zima swichi kwanza, usimshike. Waya zilizochubuka zifungwe, viatu viwe vikavu vyenye soli ya mpira, na mvua ikinyesha, au ukiwa umelowa jasho mwili mzima, usibadilishe kijiti kwa mkono mtupu.

Najua pingamizi mbili zitabaki. Ya kwanza ni mzee ambaye amechomelea miaka 30 kwa miwani ya jua na bado yupo kazini. Simkatalii, wala simvunjii heshima. Lakini karakana inatuonyesha waliobaki tu. Walioshindwa na macho walirudi kijijini au wakatafuta kazi nyingine, na hakuna anayewahesabu. Tena mzee mwenyewe mwombe kwa adabu asimame akupe mgongo, kisha mnong'oneze maneno matatu kwa umbali wa hatua mbili, uone kama masikio nayo yamesalimika. Pingamizi ya pili ni pesa. Mteja analalia bei, kodi ya kibanda inangoja, na vifaa vya kinga havimwongezei mtu hata geti moja. Hilo ni kweli, na ndiyo maana nimetaja kwanza mambo yasiyo na bei: chaki, umbali, zamu, upepo, rangi nyeusi kwenye bati. Kinachobaki, yaani kioo chenye namba, vizibo vya masikio na glavu za ngozi, si hisani ya bosi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga, na kijana anayejifunza kazi chini ya fundi ana mwili uleule kama mfanyakazi wa kiwanda kikubwa. Glavu hizo lakini zivuliwe kwenye mashine ya kutoboa, kwani kekee ikiidaka glavu huuvuta mkono wote.

Ninyi wenye karakana, ninawaomba mwanze na vijana. Aliyeingia kazini mwaka huu bado ana seli zake zote za sikio na konea safi, na hajapata wa kumfundisha kuziogopea. Mpe kioo na vizibo siku ileile unayompa nyundo. Na wewe fundi ambaye masikio yako yanalia usiku, au vidole vinakufa ganzi, au taa za boda boda zimeanza kukupigia miale isiyokuwepo zamani, usingoje hadi iume. Hospitali ya Mengo, iliyofunguliwa na Albert Cook mwaka 1897, ina idara ya macho, na kutoka Katwe unafika kwa miguu.